Kukata Lumbesa

Somo langu la baka jani lilikuwa zuri, nasema mwenyewe.
Picha za majani ya viazi yakioza taratibu,
sauti ya shangazi akicheka, vitufe nilivyovichora
kwa mkono, mikesha minne, Uyole, blanketi mabegani.
Kwenye mashine yangu liliimba.

Nikalituma Bulongwa.
Msigwa alinipigia kesho yake, mtandao ukimeza kila neno la tatu:
"Limegoma, kaka. Ukurasa mweupe. Mweupe
kama ukungu wa Kitulo saa kumi na mbili asubuhi,
na nina watoto thelathini na wanne wanaoutazama."

Nilikasirika. Nilisema mashine zenu ni mbovu.
Nilisema kanuni za vifurushi zimetungwa na watu wasiofundisha,
wanaokaa mahali wakihesabu koma.
Msigwa akanyamaza kidogo.
"Wewe si mtoto wa Isyonje? Umesahau gunia?"

Sikuwa nimesahau.
Mama anashona, mnunuzi anasema ongeza,
anaweka majani, anaweka wavu, anapandisha kilemba
juu ya gunia lililokwisha kujaa,
na bei ni ya gunia moja.
Kila mnunuzi na gunia lake. Kila gunia na kimo chake.
Mpaka siku mzani ulipotundikwa pale barabarani
na kijana wa vipimo, shati limempwaya,
akatoa kisu, akakata zile kamba.
Viazi viliviringika hadi mtaroni
na mama, mwenye haya ya kucheka mbele za watu,
akacheka.

Basi nikakaa tena.
Nikalikata somo vipande, kila kipande kisimame peke yake.
Juu kabisa nikaweka orodha: humu mna nini,
kipi kitangulie, kipi kifuate, picha ipi ni ya nani.
Nikalifundisha adabu za mgeni,
maana kwetu tunasema ugonile, Makete wanasema kamwene,
na somo haliwezi kujua lugha ya kila mlango.
Lijue moja tu:
Hodi, mwenye nyumba, nimefika.
Huyu ni nani? Mara ya mwisho tuliishia wapi?
Amepata sita kwa kumi, niandikie.
Kwaheri, nafunga.
Na nyumba, popote ilipo, awaye yote aliyeijenga,
ijibu: karibu.

Bulongwa lilifunguka. Mafinga likafunguka.
Ludewa, kwenye mashine kuukuu iliyozungushiwa gundi ya karatasi,
likafunguka likilalamika.
Cheko la shangazi lilipona. Vitufe vyangu vya mkono, hapana.

Ijumaa betri ya sola iliishiwa katikati ya jioni.
Jumatatu Lughano Sanga akawasha, na somo likamwambia
uliishia ukurasa wa tisa, tuendelee?
Msigwa anasema msichana aligeuka nyuma
kuona nani aliyekuwa akimvizia.

Ninayo rekodi yake hapa: jina, ukurasa,
sita kwa kumi, kisha nane. Muda: dakika arobaini na moja.
Kisanduku cha kuandika kwamba kati ya dakika ya ishirini
na ya thelathini alikwenda kumfunga ndama
hakipo. Nimekitafuta. Kanuni haikumwona ndama.

Mama huniuliza kazi yangu hasa ni ipi.
Nikamwambia: ninakata lumbesa, mama, ila ya masomo.
Akamenya kiazi mpaka mwisho bila ganda kukatika,
akalitundika ganda ukingoni mwa sufuria,
akaniuliza: Na huo mzani wenu, nani kaupima?